Vazi la Binti Mfalme na Cherehani ya Fundi Wetu

Mtu aliyewahi kuhudhuria arusi ya kanisani hapa Kakamega siku ya Jumamosi, hasa katika miezi ya Agosti na Desemba shule zinapofungwa, atakuwa ameona jambo ambalo kwa kulizoea tumeacha kulitafakari. Bi arusi hushuka garini akiwa amevaa gauni jeupe lenye mkia mrefu, uso umefunikwa kwa shela, na wasichana wadogo wameuinua mkia ule usiburutike mavumbini. Nyuma yake hufuata mashangazi na akina mama wa pande zote mbili, na baadhi yao wamejipamba kwa gomesi: mabega yamesimama, mshipi mpana umefungwa kiunoni, rangi zinang'ara juani. Ngoma ya isukuti hulia, vigelegele hupigwa, na msafara huingia kanisani.

Katika msafara huo mna mavazi mawili ambayo kila moja lilipata sifa kwa kuvaliwa na mwanamke wa jumba la kifalme. Gauni jeupe lilitukuzwa na malkia wa Uingereza mwaka 1840. Gomesi ilitukuzwa na mke wa Kabaka wa Buganda mwaka 1914. Mmoja alipata cheo kwa kuzaliwa, mwingine kwa kuolewa. Lakini kila mmoja alivaa nguo siku moja, na umma ukaendelea kuivaa kwa zaidi ya miaka mia moja. Hata hivyo, mavazi hayo mawili hayakutuachia baraka zilizo sawa. Lile jeupe aghalabu hukodishwa dukani, nalo limeshonwa ng'ambo. Gomesi hushonwa na fundi aliye umbali wa hatua chache kutoka sokoni. Tofauti hiyo ndiyo ninayoomba tuizingatie leo, kwa kuwa ndani yake mna funzo kwa mwalimu, kwa mwanafunzi na kwa kiongozi.

Tuanze na lile jeupe. Kabla ya Victoria, bi arusi wa Ulaya alivaa gauni lake lililokuwa bora zaidi, liwe jekundu, samawati au hata jeusi. Mabinti wa wafalme walipenda nguo zilizotiwa nyuzi za fedha. Binti Mfalme Charlotte, aliyeolewa mwaka 1816, alivaa gauni la namna hiyo. Victoria alipoolewa na Albert mnamo Februari 1840 alichagua weupe, na watu wengi hudhani alifanya hivyo ili kuonyesha usafi wa moyo. Maana hiyo ilikuja kubandikwa baadaye. Malkia alikuwa na haja nyingine iliyo wazi zaidi. Hariri ya gauni lake ilifumwa Spitalfields, mtaa wa wafumaji wa London, na lesi yake ilitengenezwa kwa mkono na wanawake wa eneo la Honiton, katika jimbo la Devon. Wakati huo mashine zilikuwa zimeanza kutoa lesi nyingi kwa bei rahisi, na mafundi wa mkono walikuwa wakikosa riziki. Rangi nyeupe iliifanya lesi ile ionekane vizuri. Kwa maneno mengine, gauni la arusi la malkia lilikuwa pia tangazo la kazi ya raia wake.

Desturi hiyo haikufa. Binti Mfalme Elizabeth, ambaye baadaye alikuja kuwa Malkia Elizabeth wa Pili, aliolewa Novemba 1947, miaka miwili baada ya vita kuu. Nguo nchini Uingereza zilikuwa bado zikinunuliwa kwa kuponi za serikali, na hata yeye alihitaji kuponi ili apate kitambaa cha gauni lake. Wanawake wengi wa kawaida walimpelekea kuponi zao, zikarudishwa, kwa kuwa sheria haikuruhusu mtu kumpa mwingine kuponi. Gauni lilibuniwa na Norman Hartnell wa London. Mwaka 1981 Diana aliolewa na Mwanamfalme Charles akiwa amevaa gauni lililobuniwa na mume na mke vijana, David na Elizabeth Emanuel, lenye mkia wa futi 25. Washonaji wa maduka waliitazama arusi ile kwenye televisheni huku penseli zi mkononi, na baada ya saa chache tu nakala za gauni lile zilikuwa tayari madukani. Mabega yaliyofura kama maboga yakaenea ulimwenguni, na wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka kwamba yalifika mpaka vijijini mwetu.

Catherine Middleton naye ana uhusiano na nchi yetu. Mwanamfalme William alimposa hapa Kenya, katika eneo la Mlima Kenya, mnamo Oktoba 2010. Uchumba ulipotangazwa mwezi uliofuata, Catherine alivaa gauni la buluu la kampuni ndogo ya London iitwayo Issa. Gauni lile liliisha madukani mara moja. Mtu angedhani kampuni ile ilitajirika. Lakini kampuni ilikuwa ndogo, na mahitaji yakaishinda nguvu. Mbunifu aliyeianzisha, Daniella Helayel, aliondoka mwaka 2013, na mwaka 2015 kampuni ikafungwa. Jambo hili tuliweke akilini, maana tutalirudia: sifa ya binti mfalme inaweza kuleta wateja kwa siku moja, lakini haiwezi kujenga kiwanda kwa siku moja.

Sasa tuvuke mpaka tuingie Uganda, nchi iliyo jirani na Magharibi yetu. Shule ya wasichana ya Gayaza, karibu na Kampala, ilianzishwa na wamishonari mwaka 1905. Wasichana wa wakati ule walijifunga shuka za magome ya mti au za pamba, na walipoinama kulima katika shamba la shule shuka zilikuwa zikilegea. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi yanasema kwamba shule ilimwita fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, ikamtaka abuni vazi litakalowasitiri wanafunzi wakiwa kazini. Akalibuni: shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mabega yenye ncha, mshipi wa kufunga kiunoni, na ndani yake kikoi ili kitambaa kisigandame mwilini. Jina la fundi likawa jina la vazi. Waganda huliita pia busuuti, na jina lake jingine, bodingi, linatokana na wale wasichana wa shule ya bweni.

Kwa miaka kadhaa vazi lile lilibaki kuwa nguo ya shule. Ndipo mwaka 1914 Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa ametawazwa akiwa mtoto mchanga, alipofikia umri wa kushika madaraka kamili. Katika sherehe za mwaka huo mkewe, Irene Drusilla Namaganda, alionekana amevaa gomesi. Tangu hapo vazi likapanda cheo. Kutoka Buganda likaenea Busoga na kwingineko, likavuka mpaka likaingia Busia, na leo tunaliona katika posa, matanga na arusi za Magharibi ya Kenya kana kwamba babu zetu walizaliwa nalo.

Msomaji mpendwa, hebu tutazame mpangilio wa mambo hayo. Gomesi haikuanzia ikulu ikashuka kwa wananchi. Ilianzia shuleni, kwa haja ya mwanafunzi aliyetaka kulima bila kuaibika. Fundi akasikia haja ile akaikata kwa mkasi na kuitia uzi. Mwanamke wa kifalme alikuja mwisho. Alichofanya ni kuliazima vazi la wanafunzi na kulitia heshima yake. Na kwa sababu kila fundi mwenye cherehani aliweza kulishona, na kila mwanamke mwenye mwili wowote aliweza kulivaa, vazi likadumu.

Hapo ndipo tunapoona siri ya athari ya mabinti wa wafalme katika mitindo ya mavazi. Wengi huamini kwamba siri hiyo ni uzuri wa sura au damu ya kifalme. Sivyo. Dunia imejaa mabinti wa wafalme waliovaa nguo za thamani kubwa na hakuna aliyewaiga. Mtindo huenea pale panapokutana mambo matatu: mtu mwenye heshima anayeonekana na wengi, fundi anayeweza kuurudia mshono, na watu wanaoona kwamba vazi lile linawahusu. Likipungua moja kati ya hayo, vazi hubaki kuwa picha ukutani.

Mfano mwingine unatoka katika shule iyo hiyo. Binti Mfalme Elizabeth Bagaaya wa Toro, aliyezaliwa mwaka 1936, alisoma Gayaza kabla ya kupelekwa Uingereza. Akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili nchini Uingereza. Mwaka 1967, mwaka ambao serikali ya Obote ilizifuta falme za Uganda, Binti Mfalme Margaret wa Uingereza alimwalika ashiriki katika maonyesho ya mavazi ya Jumuiya ya Madola jijini London. Mwanamke aliyepoteza ufalme nyumbani akapata jukwaa ugenini. Picha zake zilitokea katika jarida la Vogue, na mwaka 1969 akawa juu ya jalada la Harper's Bazaar.

Wapo watakaouliza: je, hiyo si aibu, binti wa Omukama na wakili kusimama mbele ya kamera kuonyesha nguo? Jibu lake ni kwamba wakati ule majarida ya Ulaya na Marekani yalikuwa hayajazoea kumwonyesha Mwafrika kama kielelezo cha uzuri na adabu. Bagaaya aliingia mlangoni ambamo wenzake walikuwa wamezuiwa, na baada yake mlango haukufungika tena. Mwaka 1974 Idi Amin alimteua kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Alipomfukuza kazi mnamo Novemba mwaka huo, alimzulia kashfa chafu iliyoulenga mwili wake wala si kazi yake. Bagaaya alilazimika kutoroka nchi yake. Baadaye alirudi katika utumishi, akawa balozi wa Uganda mjini Washington kuanzia mwaka 1986.

Wanafunzi wa kike wazingatie sana jambo hilo. Mwanamke anayejulikana kwa mavazi yake huvamiwa kwa urahisi kupitia mavazi hayo hayo. Kilichomwokoa Bagaaya ni kwamba chini ya nguo zile palikuwa na elimu ambayo dikteta hakuweza kumvua.

Upande wa pwani nako tunajifunza kwamba kuiga mavazi ya wakuu si utumwa wa mawazo kila mara. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotolewa Ujerumani mwaka 1886, alieleza kwa kina maisha ya jumba la kifalme na mavazi ya wanawake wake: hariri, suruali zilizotariziwa, vito, na barakoa za usoni. Katika Unguja ile ile mwanamke mtumwa alivaa kaniki au merikani, na hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama waungwana. Nguo ilikuwa kitambulisho. Mtu alijulikana cheo chake kabla hajafungua kinywa.

Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliitupa kaniki wakavaa kanga za rangi, na baada ya miaka mingine wakavaa buibui kama mabibi waliokuwa wakiwatumikia. Je, waliiga? Naam, waliiga. Lakini kuiga kule kulikuwa na kauli ndani yake: kwamba sisi pia ni watu wa kuheshimiwa. Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kumcheka msichana wa Shinyalu au Malava anayetaka kufanana na binti mfalme siku ya arusi yake. Anachokitafuta ni heshima, na heshima ni haki yake. Swali ni nani anayemuuzia heshima hiyo, na kwa bei gani.

Hata sisi wa kaunti hii hatukosi historia ya ufalme. Nabongo Mumia wa Wanga alitawala Mumias kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1880. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipiga kambi katika boma lake ikileta merikani, kaniki na shanga, ikitafuta pembe za ndovu. Baadhi ya watu wa ukoo wa kifalme waliingia katika Uislamu, na pamoja na dini zikaja kanzu na kofia. Jambo la kukumbuka ni kwamba kitambaa cha kigeni kiliingia Magharibi kwa kupitia mlango wa mfalme, kikapokewa kama alama ya ukubwa, na ngozi na vazi la jadi vikaanza kuonekana kuwa ushamba. Mlango ule haujafungwa hadi leo. Kilichobadilika ni mizigo inayopita.

Leo mzigo mkubwa ni mitumba. Simlaumu mzazi anayenunua mitumba, maana mfuko wake anaujua mwenyewe, na wapo maelfu ya Wakenya wanaosomesha watoto kwa biashara hiyo. Lakini tusijifanye hatuoni gharama yake. Magharibi na Nyanza ni maeneo yanayofaa kwa pamba. Wazee wa Busia na Siaya wanakumbuka siku walizopeleka magunia yao kwenye vinu. Kiwanda cha nguo cha Kisumu, Kicomi, kilikufa katika miaka ya 1990. Rivatex ya Eldoret ilifungwa mwaka 2000, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na ikazinduliwa upya kwa mitambo ya kisasa mwaka 2019. Yapo mambo mengi yaliyoviua viwanda hivyo, yakiwemo usimamizi mbaya na kufunguliwa kwa soko kwa bidhaa za nje. Lakini jambo moja ni dhahiri: kiwanda hakiwezi kuishi ikiwa wenye nchi wanaona haya kuvaa kitambaa chake.

Serikali nayo imejaribu. Mwaka 2004 wabunifu walikusanywa, Wakenya wakaulizwa maoni, na vazi la taifa likazinduliwa kwa shangwe nyingi. Wangapi kati yetu tunalo nyumbani? Wangapi hata tunalikumbuka lilivyokuwa? Vazi lile halikukosa ubunifu. Lilikosa mtu wa kuheshimiwa wa kulivaa mara kwa mara mpaka macho ya watu yalizoee, na halikumfikia fundi wa Lurambi na wa Butere kwa namna ambayo angeweza kulikata bila kuagizwa. Vazi la kamati lilizaliwa bila mama wa kulibeba.

Kisha mnamo Oktoba 2019 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza kwamba watumishi wa umma wavae nguo zilizotengenezwa nchini kila Ijumaa. Hilo lilikuwa wazo zuri, na kwa muda vitenge vilionekana maofisini. Ingawa vitenge vingi vinavyouzwa madukani vimechapishwa nje ya nchi, angalau fundi aliyevishona alikuwa Mkenya. Mwaka 2023 Rais William Ruto alipopenda kuvaa suti za Kaunda, mafundi wa miji mingi walipata oda, maana wanasiasa na wafanyabiashara walifuata nyayo zake. Lakini Novemba mwaka huo Spika wa Bunge la Taifa alipiga marufuku suti hizo pamoja na mavazi ya kiasili ya Kiafrika ndani ya Bunge, akisisitiza suti na tai, au kwa wanawake mavazi rasmi ya namna hiyo. Mwanafunzi aliyesoma habari hiyo gazetini alijifunza nini? Kwamba nguo ya fundi wetu inafaa jukwaani na sokoni, lakini haifai pale sheria zinapotungwa. Ukitaka kujua kwa nini bi arusi wetu hukodi gauni la ng'ambo, huhitaji kwenda mbali kutafuta sababu.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba Kenya ni jamhuri, na mazungumzo ya mabinti wa wafalme ni ndoto za kikoloni. Nakubali kwamba hatuna haja ya ufalme. Lakini kila jamii ina watu inaowatazama kabla ya kuamua ivae nini. Tukikataa kuwachagua kwa busara, televisheni na simu zitatuchagulia. Hoja ya pili ni ya gharama: kukodi gauni huwa rahisi kuliko kulishona. Hiyo ni kweli ikiwa tunataka nakala kamili ya hariri na lesi ya London. Lakini gauni la kitambaa kizuri lililoshonwa na fundi wa hapa, kwa mkato ambao baada ya arusi unaweza kupunguzwa likavaliwa kanisani na kwenye sherehe, si hasara. Gauni la kukodi hulipiwa, likarudishwa Jumatatu, na mwenye kulivaa akabaki na picha. Hoja ya tatu ni kwamba mafundi wetu hawatimizi ahadi, na kazi yao si safi. Lalama hiyo ina ukweli wake. Lakini ufundi hukua kwa kupewa kazi ngumu. Fundi anayeletewa kupunguza mitumba na kubadilisha zipu mwaka mzima atajifunzia wapi kushona shela?

Hapa ndipo ninapomrudia mwalimu. Katika jamhuri isiyo na binti mfalme, nani husimama kila asubuhi mbele ya macho ya vijana hamsini, akatazamwa kuanzia viatu hadi nywele? Nani huigwa mwandiko, matamshi na hata mwendo? Ni mwalimu. Mkulima humwona waziri mara moja kwa miaka mitano; mtoto wake humwona mwalimu siku tano kwa wiki. Ikiwa Namaganda aliweza kuitia gomesi heshima kwa kuivaa katika sherehe moja, mwalimu anayevaa nguo nadhifu iliyoshonwa Kakamega, na asiyeona haya kumtaja fundi aliyeishona, ana athari ambayo yeye mwenyewe haijui.

Tena shule zina uwezo zaidi ya huo. Kila mwaka shule zetu hushona mavazi ya michezo ya kuigiza na ya tamasha za muziki. Kila muhula huagiza sare. Vyuo vya ufundi vimejaa vijana wanaojifunza ushonaji, na mtihani wa Sayansikimu wa shule za upili umekuwa na sehemu ya vitendo ambapo mtahiniwa hukata na kushona vazi kwa mkono wake. Kwa nini basi mavazi ya tamasha yasibuniwe kwa mashindano kati ya wanafunzi wenyewe, na kushonwa na vyuo hivyo? Kwa nini mwalimu wa historia asiwaelekeze wanafunzi wake wakaulize nyanya zao walivaa nini walipoolewa, nani alishona, na kitambaa kilitoka wapi? Gayaza haikungoja kamati ya serikali. Iliona haja ya wanafunzi wake, ikamwita fundi.

Na kwa kuwa tumemtaja Diana, tumalizie naye, kwa maana mafunzo yake makubwa zaidi hayakuwa katika gauni la futi 25. Aprili 1987 alifungua wodi ya wagonjwa wa ukimwi katika hospitali moja ya London. Ilikuwa desturi ya wanawake wa jumba la kifalme kuvaa glavu wanaposalimiana na umma. Siku ile hakuvaa. Alimpa mgonjwa mkono mtupu mbele ya kamera, wakati ambapo watu wengi waliamini kwamba kumgusa mgonjwa kulitosha kumwambukiza mtu. Sisi wa Magharibi, tuliozika ndugu wengi kwa maradhi hayo na kuwaona wengine wakitengwa katika vibanda nyuma ya nyumba, tunajua thamani ya mkono ule. Mnamo Juni 1997, miezi miwili kabla ya kifo chake, aliuza magauni yake 79 kwa mnada mjini New York, na zaidi ya dola milioni 3 zilizopatikana zikaenda kwa mashirika ya hisani, yakiwemo ya kuwasaidia wagonjwa wa saratani na ukimwi. Kumbe binti mfalme anaweza kuwafundisha watu kwa nguo anayoivua kama anavyowafundisha kwa ile anayoivaa.

Basi wakati mwingine msafara wa arusi utakapopita mbele yako katika barabara ya Kakamega, usiliangalie gauni jeupe peke yake. Tazama na gomesi zinazolifuata, ukumbuke kwamba zilianza kwa mwanafunzi mwenye jembe na fundi mwenye cherehani, na kwamba kiti cha enzi kilikuja baadaye. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Fundi wetu yuko kwao, na amekaa penye cherehani yake akingoja. Tumpelekee kitambaa.